Kitufe cha Sawa

Nilimwuliza mke wangu kwa simu kama atarudi Mwanza mvua zikikatika. Akasema, "Sawa."

Nilikuwa nimekaa kibarazani kwetu Igoma, simu juu ya goti, spika imewashwa, kwa sababu sikio langu la kulia halisikii vizuri. Tulipoagana nikaingia ndani nikaanza kupanga. Ukuta wa chumba chetu unaogusa jabali la nyuma ya nyumba ulikuwa na unyevu. Nikakwangua rangi ya zamani, nikauacha ukauke, nikapaka rangi ya krimu ambayo yeye aliwahi kuisifia nyumbani kwa jirani. Nikafunga wavu mpya dirishani kwa ajili ya wale wadudu wadogo wa ziwani, maana wakimwingia machoni hukasirika siku nzima. Mtu akiambiwa sawa, anajiandaa.

Alikuwa amekwenda kwao Bukoba kumuuguza mama yake. Mama alifariki, tukazika. Mimi nikarudi kazini, yeye akabaki kumaliza matanga na kuangalia migomba. Matanga yakaisha, migomba haikuisha. Mtoto wetu pekee ameajiriwa Dodoma na ana familia yake, kwa hiyo nyumba ya Igoma ilibaki na mimi na redio. Kwa muda mrefu nilishindwa kupika ugali wa mtu mmoja. Mkono wangu ulikuwa umezoea unga wa watu wawili, na kila asubuhi nilikula kiporo kabla ya kwenda kazini.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za kampuni ya kusafirisha mizigo. Sikuisomea chuoni. Nilianza kama fundi wa redio, nikajifunza kompyuta kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua zilizokufa. Katika kujifunza huko nilijiwekea kanuni moja ambayo sijaivunja: usibadilishe vitu viwili kwa mara moja, kwa sababu hata ukifaulu hutajua ni kipi kilichosaidia.

Wakati huo tulikuwa tunaweka programu mpya ya risiti za mizigo. Zamani nilikuwa nikipita ofisi moja moja na flashi mfukoni: mjini, Igoma, Usagara, hadi Kigongo, ambako tuna chumba kimoja karibu na kivuko cha zamani. Siku hizi ofisi zote zimeunganishwa kwa mtandao, na nikiwa mezani kwangu mjini naweza kuiamuru seva isukume programu kwenye kila kompyuta. Nimesoma kwamba kwingine kazi hii hufanyika usiku, watu wakiwa wamelala. Kwetu haiwezekani. Jioni kila karani huzima kompyuta, huzima swichi ya ukutani, huchomoa na waya. Mlinzi akishika zamu anashusha swichi kuu ya jengo, kwa sababu umeme uliwahi kukatika na kurudi kwa nguvu ukaunguza friji ya meneja. Usiku seva yangu haina wa kuzungumza naye. Kwa hiyo programu husukumwa mchana, watu wakiwa kazini.

Na mchana ule ule kompyuta zikaanza kujizima na kujiwasha zenyewe.

Wa kwanza kunipigia alikuwa karani wa Kigongo, kijana wa Kikerewe ambaye kwenye l huweka r.

"Fundi, imerara tena!"

"Imelala yenyewe au umeilaza?"

"Imerara yenyewe, fundi. Niko na shahidi hapa, dereva wa rori."

Nilianza na umeme, kwa kuwa huku kwetu umeme ndiye mshukiwa wa kwanza. Betri za akiba zilikuwa nzima. Nikaja kwenye joto. Nilifungua kompyuta ya mjini nikakuta feni imejaa wale wadudu wa ziwani waliokauka, wamegandamana kama majani ya chai. Nikaipuliza, nikaifunga, ikajizima tena huku vumbi lingali puani mwangu. Ndipo nikarudi kwenye programu yenyewe.

Katika maagizo ya seva nilikuwa nimekataza kompyuta yoyote isijiwashe upya baada ya kupokea programu. Ile programu kubwa ilitii. Lakini ndani yake ilibeba nyingine ndogo, ya kuisaidia kuzungumza na printa, na ile ndogo haikuwa imeambiwa kitu. Ikimaliza kujiweka, inaizima kompyuta na kuiwasha, bila kumjali aliyekaa mbele yake. Nikazitenganisha, kila moja nikaipa katazo lake. Kompyuta zikatulia.

Hata hivyo, programu ile ilikuja kwa vipande, na kila kipande kilihitaji kompyuta iwashwe upya siku hiyo hiyo kabla ya kingine kufuata. Nikaona heri karani mwenyewe achague saa. Ujumbe uliokuja na programu ulikuwa wa Kiingereza, na makarani wetu huufunga ujumbe wa Kiingereza kama wanavyofukuza nzi. Nikaandika wangu kwa Kiswahili: "Programu mpya imewekwa. Kompyuta inahitaji kuzimwa na kuwashwa upya." Chini yake nikaweka vitufe viwili, "Sawa" na "Baadaye". Niliusoma kwa sauti mara kadhaa. Nilijivunia ule ujumbe, kwa kuwa ulikuwa mfupi na usingeweza kumchanganya mtu.

Nikausukuma baada ya chai ya asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana Kigongo ilikuwa imepiga.

"Fundi, imerara."

Usagara nao wakapiga. Mjini sikuhitaji kupigiwa, kwa sababu nilisikia kelele za madereva dirishani.

Kompyuta inapozimwa huandika kwenye kumbukumbu zake ni nani aliyetoa amri. Nikazifungua, moja baada ya nyingine. Zote zilisema jambo moja: amri imetolewa na mtumiaji. Yaani karani aliyekuwa amekaa pale, kwa mkono wake.

Meneja akaniita. Ni mtu mkubwa, mpole, anayezungumza akitazama nje.

"Fundi, hizi mashine zimerogwa?"

"Hazijarogwa, bosi. Zinazimwa na watu."

"Watu gani?"

"Makarani wenyewe."

Akawaita makarani wa mjini, na mimi nikasimama mbele yao kama mshitaki. Karani mkuu ni mama wa Kijita wa rika langu, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba shingoni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Fundi," akasema, "yaani mimi nizime mashine wakati dereva ananipigia kelele dirishani? Nimechoka na maisha?"

Wenzake wakacheka.

"Sijasema umefanya makusudi, dada. Mashine ndiyo imeandika hivyo."

"Mashine yako imeandika? Basi ni mmbea. Tena mmbea mwongo, wale wabaya."

Meneja naye akacheka, lakini tulipobaki wawili aliniambia kwamba wiki ikiisha bila ufumbuzi turudi kwenye vitabu vya risiti. Nilikubali. Nilirudi mezani kwangu nikiwa na mambo mawili ambayo hayakuweza kuwa kweli kwa pamoja. Kumbukumbu za kompyuta hazijawahi kunidanganya. Yule mama pia hajawahi.

Jumapili nikampigia mke wangu, kama kawaida, baada ya ibada yao ya pili. Nilimwambia ukuta umekauka vizuri. Nilimwambia nimepaka krimu.

"Sawa," akasema. Kisha akasema, "Baba, naomba unitumie cherehani yangu."

"Ya nini?"

"Kuna nguo za kwaya. Wamenipa mimi nizishone. Na watoto wa shule hapa wanachana sare kila siku."

"Si mvua zinakaribia kukatika?"

"Ndiyo, huku zimepungua."

"Basi utashona hizo za kwaya, halafu utarudi nayo."

Kulikuwa na kimya kidogo, nikadhani ni mtandao.

"Sawa, baba," akasema.

Jumatatu asubuhi nikaipeleka cherehani ofisini kwa bajaji, kichwa chake nimekifunga blanketi, miguu ya chuma imekaa mapajani kwangu. Mama wa Kijita aliposikia inakwenda Bukoba alishusha miwani.

"Hii ni ya shemeji?"

"Ni yake."

"Kwani harudi?"

"Anarudi. Mvua zikikatika. Amesema sawa."

"Anarudi, na cherehani inakwenda?" Alinitazama, halafu akaivuta kibodi karibu. "Haya. Mimi ni karani tu. Mtumaji wewe. Mpokeaji shemeji. Mzigo, cherehani ya miguu. Hapa inauliza, mzigo wa kwenda tu au wa kwenda na kurudi?"

Hilo swali lipo kwa sababu kreti za samaki na mitungi ya gesi hurudi kwetu ikiwa mitupu.

"Kwenda na kurudi," nikasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Kwa mara ya kwanza tangu tatizo lianze nilikuwa natazama skrini ya karani anayefanya kazi, badala ya kumbukumbu za skrini iliyokwisha kuzimika. Ujumbe wangu ukatokea katikati. Yeye akausoma, midomo ikicheza. Akasema kwa sauti, bila kunisemesha mimi, "Sawa," akabonyeza "Sawa", akarudi kwenye cherehani yangu na kuendelea kuandika. Skrini ikawa nyeusi.

"Umeona!" akaruka. "Umeona mwenyewe! Nimeigusa mimi?"

"Dada, umebonyeza Sawa."

"Ndiyo, nimebonyeza."

"Sasa si umeiruhusu ijizime?"

"Nimeiruhusu saa ngapi? Imeniambia inahitaji kuzimwa, nikaiambia sawa."

"Sawa maana yake umekubali."

"Nimekubali kwamba nimesikia!" Aligeuza kiti chote akanikabili. "Fundi, bosi akipita hapa akasema leo kuna kikao saa nane, wewe unamjibuje?"

"Sawa."

"Na unaondoka muda huo huo kwenda kukaa kwenye kikao?"

Karani wa pili alikuwa ameinamia meza anacheka. "Fundi angekuwa amekaa huko tangu asubuhi, peke yake," akasema.

"Mtu akikueleza jambo lake, unamwambia sawa," mama akaendelea, sasa kwa upole, kama anayemfundisha mgeni lugha. "Ni adabu tu. Utakaa kimya kama ukuta? Kama ulitaka kuniuliza, ungeniuliza. Hapa hukuuliza, umetoa taarifa."

Nilisoma ujumbe wangu tena kompyuta ilipowaka. Alisema kweli. Hapakuwa na swali. Nilikuwa nimetoa taarifa, kisha nikaweka chini yake neno ambalo watu wetu hulitumia kupokea taarifa, nikalifungia amri ya kuzima. Kigongo, Usagara, mjini, wote waliijibu kompyuta kwa adabu, na kompyuta ikawazimikia usoni. Kumbukumbu hazikudanganya. Makarani hawakudanganya.

Nikaiweka cherehani chini ya meza yangu, bila risiti, nikakaa kufanya marekebisho. Sikugusa seva, sikugusa programu. Nilibadilisha maneno tu. Ujumbe ukawa swali: "Kompyuta inahitaji kuwashwa upya. Izimwe sasa hivi?" Kitufe cha kwanza nikakiandika "Izime sasa". Cha pili, kinachoufunga ujumbe bila kufanya jambo lolote, nikakiandika "Nimesikia". Nikausukuma kwenye ofisi zote na kusubiri simu.

Haikuja. Baadaye nilipiga mwenyewe Kigongo.

"Imelala?"

"Haijarara, fundi. Imeniuriza, nikaiambia nimesikia. Nitairaza nikienda kura."

Ningepaswa kufurahi, na kwa kiasi fulani nilifurahi. Meneja alinipa mkono. Wenzangu wakaenda kula kwa mama ntilie, nami nikasema nitawafuata, lakini sikuwafuata. Nilitoka mlango wa nyuma, ule unaotazama bandari ndogo ya mizigo. Korongo walikuwa wamesimama kwenye paa la ghala wakingoja matumbo ya samaki, kila mmoja ametazama upande wake.

Kichwa changu kina tabia ya kuendelea na kazi baada ya kazi kwisha. Kilikuwa kinazipitia tena kumbukumbu, ila hizi hazikuwa za kompyuta. Utarudi mvua zikikatika? Sawa. Nimepaka krimu. Sawa. Utarudi nayo. Sawa, baba. Nilitafuta ndiyo. Nilirudi nyuma hadi siku ya kuondoka makaburini, alipokuwa amesimama kwenye migomba na kanga ya msiba kichwani, nami nikamwambia nitakuja kukuchukua. Ndiyo pekee niliyoipata ilikuwa ile ya Jumapili, na hiyo ilihusu mvua.

Nikatoa simu. Haikuwa Jumapili, na aliipokea kwa haraka ya mtu anayeogopa habari.

"Kuna nini, baba? Uko mzima?"

"Mzima. Niko kazini. Cherehani bado haijaondoka."

"Imevunjika?"

"Haijavunjika. Nataka kukuuliza kitu. Lakini usinijibu sawa."

Alicheka kidogo. "Makubwa. Uliza."

"Unarudi Mwanza, au unabaki huko?"

Nilisikia mtu akipita na kumsalimia kwa Kihaya, naye akajibu salamu hadi mwisho, bila kuikata. Nilisikia kuku. Kisha sikusikia kitu, na safari hii nilijua si mtandao.

"Si nilikuwa nakuambia," akasema.

"Ulikuwa unaniambia sawa."

"Ulikuwa unanieleza mipango yako, baba. Rangi, wavu, ukuta. Ulikuwa na furaha. Ningekuambia nini?"

"Niambie sasa."

"Nabaki." Alilisema taratibu, halafu akaongeza maneno upesi upesi. "Siyo kwamba nimekukimbia. Hapa kuna shamba, kuna kaburi la mama, kuna watu wanaoingia na kutoka. Huko wewe ukienda kwenye kompyuta zako mimi nilikuwa nakaa tu. Miaka yote hiyo nilikuwa nakaa tu. Hukuona?"

"Sikuona."

"Umekasirika?"

Nilifungua mdomo, na neno lililokuwa tayari kutoka ni lile lile. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi, jepesi, limezoea njia. Nikalizuia. Sikuwa nimekubali. Sikuwa na uwezo wa kukataa pia.

"Nimesikia," nikamwambia.

Akasema, "Asante." Sikumbuki kama alishawahi kunishukuru kwa kumsikia. Tukaongea kidogo kuhusu cherehani, kwamba mkanda wake umelegea na mpya unapatikana kwa yule muuzaji wa Igoma, na kwamba isilazwe njiani kwa sababu mafuta yatamwagika. Aliniuliza nimekula nini. Nikasema bado.

Alasiri nilinunua mkanda mpya, nikaufunga, nikatia mafuta kwenye kila tundu, nikaipima kwa kipande cha kitambaa hadi mshono ukanyooka. Nilifunga kichwa upya kwa blanketi na kamba. Kwenye kipande cha boksi nilichokifunga juu yake nikaandika kwa kalamu nene: ISILAZWE. Kisha nikaibeba hadi dirishani, nikasimama upande wa wateja, nje, nyuma ya dereva mmoja aliyekuwa na magunia ya dagaa.

Mama wa Kijita aliponiona upande ule hakutania. Akaanza upya. Mtumaji, mpokeaji, cherehani ya miguu. Ujumbe ukatokea kwenye skrini yake. Niliuona ukiakisiwa kwenye miwani. Akasoma, akabonyeza, akaendelea kuandika.

"Hapa inauliza tena," akasema, bila kuinua macho. "Kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

Dereva wa dagaa alikuwa ameegemea ukuta akinisubiri nimalize.

"Kwenda tu," nikasema.

Akajaza. Printa ikatoa risiti, na kompyuta haikuzimika.